Mwalimu wa Maksai

Nyumbani kwangu hakuwahi kumaliza kikombe cha chai. Aliingia asubuhi, akakataa kiti, akapokea kikombe kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika fremu ya mlango. Akinywa mafunda mawili matatu, jicho lilikuwa limeshatoka nje. "Yule pale amejikwaruza na nira," angesema, au, "Mvua inatoka upande wa Rukwa, leo tutalowa," na hapo hapo ameondoka. Kikombe kilibaki dirishani kikipoa. Tuliishi jirani miaka tisa, na asubuhi nyingi za miaka hiyo nilianza kazi zangu kwa kumwaga chai yake.

Watu wote walimwita Mwalimu wa Maksai, na wengi walifupisha wakasema Mwalimu tu. Jambo hilo liliniuma kidogo mwanzoni. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Nilitoka kwetu Tunduma nikapangiwa shule ya msingi kijijini kule Itaka, nikafika na sanduku langu na mtoto mgongoni, nikijua mimi ndiye mwalimu. Kumbe mtu akisema "Mwalimu amekataa" au "Mwalimu anapita", alikuwa na maana ya mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu, ambaye wanafunzi wake walikuwa na pembe.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha ng'ombe waliohasiwa kukokota plau, haro za kuvunjia mabonge, na mikokoteni. Kijiji chetu kilikuwa kimeshakusanywa kuwa cha ujamaa wakati ule, tunalima shamba la pamoja la mahindi, na yeye alilipwa posho ndogo kuangalia jozi tatu za maksai wa kijiji. Jozi ya kwanza, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa ya Sabuni na Shauri. Sabuni alikuwa mweupe wote. Shauri alikuwa mwekundu mwenye kichwa kigumu, na aliitwa hivyo kwa sababu kila ulipomwambia twende, alisimama kwanza kama anayefikiria.

"Ng'ombe hafundishwi kuvuta," alikuwa akiwaambia vijana waliokuja kujifunza. "Kuvuta anajua, Mungu alimpa shingo. Anafundishwa kusimama."

Wiki tatu za mwanzo hakumfunga dume kwenye chombo chochote cha kazi. Alimfunga gogo jepesi tu, akatembea naye barabarani, hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama, mpaka wapita njia wakachoka kuangalia. Hakupiga kelele. Aliwasemesha kwa sauti ya chini karibu na sikio, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza alichookota zamani kwa mzungu. Neno la kusimama lilikuwa "wo". Vijana walimcheka, naye akajibu, "Sabuni anajua Kiingereza cha kuondoka na cha kusimama. Ninyi mnajua kipi?"

Mtu huyo aliyefundisha kusimama, mwenyewe hakuweza kusimama. Kanisani alikaa benchi la mwisho na kutoka mara mbili kabla ya mahubiri kwisha. Msibani alizunguka nyumba. Nilipoanzisha darasa la kisomo cha watu wazima alikuja jioni mbili, akasimama nyuma karibu na mlango, akaandika herufi tatu au nne kwa chaki akiwa wima, na jioni ya tatu hakuonekana. Nilipomwuliza alisema, "Mama Rehema, herufi haziendi mahali popote. Mimi nikiangalia kitu kisichokwenda, miguu inawasha." Kwa hiyo hakujua kusoma, na alikufa hajui. Nalisema hili mapema kwa sababu lina uzito katika yaliyotokea.

Ufundi wake aliupata kwenye majani. Kabla ya Uhuru alikuwa kibarua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huko Mbozi, na mzungu huyo alikuwa na uwanja wa majani mbele ya nyumba, mkubwa kuliko uwanja wa mpira. Majani yale yalikatwa kwa mashine iliyokokotwa na ng'ombe, kisha yakakandamizwa kwa rola ya chuma iliyojazwa maji ndani, na mara mbili kwa mwaka yakatobolewa kwa gogo la chuma lenye miba ili maji yaingie. Nilipomsikia akieleza, nilidhani ananitania.

"Ng'ombe juu ya majani hayo? Kwato hazikuyaharibu?"

"Walivaa viatu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa, akachora kwa kidole kwenye vumbi jinsi kiatu kilivyoshonwa: ngozi nene chini, kamba ikizunguka juu ya kwato, kila ng'ombe viatu vinne. Kila asubuhi ya kukata majani yeye ndiye aliyewavisha. Jioni mke wa mzungu alitembea uwanja mzima akiwa ameinama, akitafuta alama. Akiipata moja, wanaanza upya.

"Basi nikajifunza kuwatembeza kama wageni kanisani," alisema. "Majani yenyewe hata mbuzi hayali. Shamba zima, Mama Rehema, halina hata punje ya kula! Lakini lilinyooka. Ungemwaga maji pale yasingejua pa kwenda."

Nilimwona akichukia na kutamani kwa pumzi moja. Alisema mzungu yule alikuwa mtu wa hovyo aliyelisha macho yake wakati vibarua wanalala na njaa, na dakika hiyo hiyo anasimulia ule unyoofu kama mtu anayemsimulia mchumba. Mzungu alipoondoka, vyombo vikabaki nyasini vinapata kutu. Yeye akaviomba, akavileta kijijini kwa mkokoteni, safari ya siku mbili. Gogo lenye miba likawa la kuvunjia mabonge kwenye bustani ya kabichi na miche ya kahawa, na kwa kweli vitalu vyetu vikawa laini kama unga. Rola akaipitisha kwenye uwanja wa shule bila kuombwa na mtu. Shule za jirani zilipokuja kucheza zililalamika kwamba mpira wetu hausimami.

Kwa ng'ombe alikuwa na subira isiyo na mwisho, lakini kwa watu haikufika nusu saa. Siku moja mkulima mmoja aliazima jozi ya kijiji kupiga haro shambani kwake, akamchapa Shauri kwa fimbo mpaka ngozi ikachubuka. Mwalimu alifika mbio kutoka sijui wapi. Akaifungua nira, akaipandisha kwenye bega la yule bwana mbele ya mke wake na majirani, akasema, "Vuta wewe. Mstari mmoja tu. Nikikuchapa utaniambia kama unasaidia." Yule bwana alivuta hatua nne hivi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi pia nilicheka. Miaka miwili baadaye yule bwana alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji, na mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu, nikawa katibu wa mikutano.

Mke wa Mwalimu hakucheka hata siku ile. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila neno lake lilifika. "Hajui kwamba mtu ana kumbukumbu kuliko ng'ombe," aliniambia tukichambua maharage. Wakati mwingine, mume akiwa amepotea siku tatu kwa kwenda kuangalia ndama wa mtu huko Mbangala bila kuaga, alisema, "Mimi nimeolewa na miguu yake. Mwenyewe bado sijamwona."

Ungetegemea mtu wa namna hiyo alichukie trekta. Ndivyo wengi wanavyosimulia siku hizi, kwamba mzee wa maksai alipinga mashine na wakubwa wakamzidi nguvu. Si kweli, nilikuwepo. Trekta la kwanza kuonyeshwa upande wetu lilionyeshwa kijiji cha jirani, na yeye alikwenda kwa miguu kuliona. Alirudi siku ya pili mchana, nikiwa darasani nafundisha hesabu, akaingiza kichwa dirishani mbele ya watoto wote.

"Mama Rehema, nimeona! Anapita na visahani vitatu vya chuma nyuma, udongo unageuka kama mkeka. Ekari tunayoihangaikia siku nzima anaimaliza umande haujakauka. Na hachoki! Nimemfuata mpaka mwisho wa shamba, hachoki!"

Alikuwa amepata mnyama anayekwenda kama yeye. Wiki nzima hakuongea kingine. Maksai wakabaki na vijana, naye akizunguka kijijini akieleza visahani.

Kisha habari zikaja kwamba kijiji chetu nacho kingepewa trekta. Mwenyekiti akaitisha mkutano darasani kwangu. Alisema wageni wa wilaya watakuja kulikabidhi, na lazima wapokelewe kwa heshima. Alipendekeza maksai waondolewe: jozi mbili ziuzwe kwa mfanyabiashara wa ng'ombe wa Tunduma, na moja ichinjwe kwa ajili ya sherehe. Nilidhani Mwalimu atalipuka. Badala yake mkono wake ndio uliokwenda juu wa kwanza.

"Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono. Mimi nimetembea nyuma ya mkia wa ng'ombe tangu nina ndevu mbili. Hakuna anayewajua kuliko mimi, na mimi nawaambia: mbele ya trekta, maksai ni mchezo. Hatuwahitaji tena."

Makofi yakapigwa. Yeye aliyemvisha Mwenyekiti nira sasa anamwunga mkono! Mwenyekiti alitabasamu kama mtu aliyelipwa. Nikaandika maneno yale karibu yote, kwa mwandiko wangu mzuri.

Watu walikuwa wameanza kuinuka pale aliposema tena. Nilimsikia kwa sababu alisimama nyuma ya kiti changu. "Lakini jozi moja ibaki. Sabuni na Shauri. Mashine ni mashine."

Mwenyekiti naye alisikia. Akamwangalia, akasema, "Ndugu, kijiji hakiendi mbele kikiangalia nyuma." Halafu akanigeukia mimi. "Katibu, tumemaliza. Funga."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, ingechukua mstari mmoja. Nikapiga mstari wa mwisho, nikatia sahihi. Nimejiuliza sana kwa nini. Mwenyekiti alikuwa ananitazama, hilo ni kweli. Lakini pia nilikuwa nimechoka, muhtasari ulikuwa umekaa vizuri, na mimi mwenyewe nililitaka trekta.

Jozi ya kuchinjwa ikawa hiyo hiyo, na siku ya sherehe yeye ndiye aliyewaleta. Alikataa wafungwe kamba. Alitembea mbele na Sabuni na Shauri wakamfuata katikati ya umati, wakapita ngoma na mabango, mpaka nyuma ya ghala alipokuwa akisubiri mchinjaji, Mwislamu aliyeletwa kutoka Tunduma ili kila mgeni aweze kula. Sabuni alianza kurudi nyuma aliponusa pale. Mwalimu akamsogelea sikioni, akasema, "Wo." Sabuni akasimama. Alisimama wima, kichwa chini, kama alivyofundishwa, mpaka vijana walipomlaza.

Mwalimu hakukaa kula. Nilimwona mbali, akizunguka trekta jipya, akigusa visahani kimoja kimoja.

Lile trekta lililima msimu mmoja vizuri sana. Msimu wa pili liliharibika mvua za kwanza, kifaa kimoja kidogo kwenye pampu ya mafuta, na kifaa hicho kikasubiriwa. Barua zilikwenda, mimi ndiye niliyeziandika. Mvua hazikusubiri. Tukarudi kwenye jembe la mkono, shamba la pamoja likalimwa robo, na mwaka uliofuata miezi ya njaa ilianza mapema. Kutafuta madume wapya na kuwafundisha kulihitaji misimu miwili, na kijiji hakikuwa na hata ndama wa kuanzia.

Ndipo wakaja watu wa wilaya kuuliza ni nani aliyeamua kwamba kijiji kibaki bila ng'ombe wa kazi. Mwenyekiti akasema kumbukumbu zipo, katibu asome.

Nikasoma. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mahali pake pa siku zote. Nilisoma jinsi alivyounga hoja mkono, jinsi alivyosema maksai ni mchezo, jinsi alivyosema hatuwahitaji tena. Nikamwona anasogeza kichwa mbele. Alikuwa anasubiri ile sentensi. Nilifika mwisho, nikasoma jina langu na sahihi, nikakunja karatasi. Kichwa chake kilibaki mbele vile vile kwa muda, kama mtu anayesikiliza gari lililokwisha kupita.

"Kwa hiyo wewe ndiye mtaalamu," ofisa mmoja alimwambia, "na wewe ndiye uliyekipoteza kijiji."

Angeweza kusema, "Nilisema zaidi ya hapo." Ningeweza kusema mimi. Walimfutia posho, wakamkataza kushika mifugo yoyote ya kijiji. Baada ya hapo watu waliokuwa wakimwita Mwalimu walianza kumwita Mchinjaji, kwanza kwa utani.

Akazidi kutembea. Alikwenda vijiji vya mbali kuwafundishia watu madume yao kwa chakula tu, akarudi baada ya wiki mbili, akaondoka tena kesho yake. Bado alipita kwangu asubuhi alipokuwepo, na hilo ndilo lililonitesa. Alinishukuru kwa chai. Aliuliza habari za Rehema. Mimi nilipanga maneno kila usiku na asubuhi nikamwuliza kama sukari imetosha. Mwisho mke wake alifunga mizigo. "Afadhali nimfuate kuliko kumsubiri," aliniambia, na wakahamia Kamsamba, bondeni, kwenye joto na mpunga. Hakuna aliyewasindikiza zaidi yangu.

Niliacha ukatibu mwaka ule. Niliomba uhamisho mara mbili, nikapata mara moja, na kote nilikokwenda sikutulia. Nikawa mtu wa kuamka na kupanga upya kabati lililokwisha kupangwa.

Ilipita miaka mingi. Katikati ya miaka ya themanini nilitumwa Kamsamba kusimamia mitihani ya darasa la saba. Siku ya mwisho niliuliza, nikaelekezwa mabondeni. Jua lilikuwa kali la kuumiza meno. Nilimkuta ndani ya jaruba lililojazwa maji ya mfereji, matope magotini, anawatembeza madume wawili wadogo wenye nundu, wakikokota ubao mzito wa kusawazishia matope kabla ya kupanda mpunga. Alikuwa amekonda na kofia ya sufu ilikuwa imeondoka, lakini alinitambua kabla sijamfikia.

"Mama Rehema! Vua viatu, uingie."

Nikavua, nikaingia, na gauni langu likalowa hadi magotini. Tulisalimiana kwa muda mrefu. Mke wake mzima. Rehema ameolewa. Wale madume walikuwa wa jirani, wana wiki tano tu kazini. Aliongea huku akitembea, nami nikamfuata kwenye matope nikiyumba, mpaka nikaona nikingoja asimame sitasema kamwe.

"Mwalimu, ile siku ya mkutano. Ulisema jozi moja ibaki. Mimi sikuandika."

Alikwenda hatua mbili zaidi. Halafu akawasimamisha ng'ombe.

"Hukuandika?"

"Sikuandika. Nilikusikia vizuri. Sikuandika."

"Kumbe hawakufuta." Alisema taratibu, kwa mshangao. "Mimi miaka yote nilidhani wewe uliandika, wakubwa wakafuta. Pale uliposoma nikasema moyoni, maskini mtoto wa watu, wamemfutia karatasi yake na wanamlazimisha asome. Nimewachukia watu wa wilaya mpaka leo. Wengine wamekufa nawachukia."

"Nisamehe, baba."

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akanikabidhi kamba mkononi kama mtu anayeweka kitu mezani, akapanda tuta, akaenda zake. Nilimwona akitembea juu ya matuta, moja hadi jingine, mbali kabisa kuelekea kwenye miti, mgongo wake umenielekea.

Nikabaki na madume wawili wasionijua, katikati ya maji. Sikuweza kuwaacha na sikujua pa kuwapeleka. Yule wa kulia akaanza kuvuta upande. Nilikuwa nimelia tayari, nikaona hata kulia hakutasaidia, nikasema "twende" kama nilivyosikia watu wote wakisema, nikashika ubao. Wakaenda. Tulikwenda vibaya, tukifika mwisho nikawavuta kichwa kuwageuza, tukarudi. Sijui tulizunguka mara ngapi. Mikono ilichubuka. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye tuta, karibu, sijui tangu saa ngapi. Jasho lilimtoka. Hakuwa ananiangalia mimi. Aliinama kidogo, akafumba jicho moja, akatazama juu ya maji kutoka ncha moja ya jaruba hadi nyingine.

"Umeacha mgongo pale kati," alisema. "Rudia."

Nikawageuza ng'ombe.